Ufunguo Niliomkatalia Baba Mdogo

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya pikapu yako. Bado ni yetu. Naanza na hilo ili utulie.

Arobaini yako ilipopita tu, baba mdogo Shomari alikuja akasema gari ni mali ya ukoo, analipeleka kwake Matombo. Mama alikuwa hata nguvu za kujibu hana. Ufunguo wako ulikuwa mfukoni mwangu, sikuutoa.

Yeye alikuwa amechukua ule ufunguo mwingine, mtupu, uliouchonga wa kufungulia milango tu. Mlango ukafunguka, swichi ikazunguka, injini ikanguruma kidogo, ikazima. Akarudia mpaka betri ikaisha. Kesho yake akaleta fundi, wakabadilisha pampu ya mafuta na plagi. Wapi. Siku ya tatu akawatangazia ndugu kwamba marehemu alilifunga gari kwa dawa.

Hapo nilishindwa kuvumilia, Baba. Umetengeneza umeme wa magari maisha yako yote hapa Morogoro, leo uitwe mchawi? Nikawaita wote uani, shangazi Mwajuma akiwa mkekani, nikawaeleza kama ulivyonieleza siku tuliyokwama kule mlimani Kinole na mzigo wa mdalasini wa mama. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele. Haina betri. Swichi imezungushiwa koili, waya uliosokotwa. Ukichomeka ufunguo na kuuzungusha, koili inaiamsha chipu, nayo inataja namba yake. Kompyuta ya gari ikiitambua, inaruhusu mafuta na moto. Isipoitambua, inakata. Ufunguo mwingine ukichongwa meno yaleyale bila chipu hiyo, ni chuma tu.

Betri ilikuwa imeshachajiwa. Nikachomeka ufunguo wako, gari likawaka mara moja.

Baba mdogo akanyoosha mkono dirishani. "Lete hapa."

Nikaufunika ufunguo kwa kiganja. "Samahani, baba mdogo. Sikupi. Mama alilinunua gari hili pamoja na baba, kwa ndizi na mdalasini wake."

Kisha shangazi akasema taratibu, "Shomari, shusha mkono. Gari ni la wifi yangu."

Baba mdogo akaondoka bila kuaga. Tangu hapo namwamkia shikamoo kila tukikutana, haitikii. Nitaendelea kumwamkia, na ufunguo sitampa.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Lakini hukuwepo, Baba. Hilo ndilo... basi.

Sasa namfundisha mama kuendesha, kwenye uwanja ulio nyuma ya shule. Jana alizima injini mara saba, watu wakakusanyika wakamcheka. Akashusha kioo, akawaambia waje na kesho.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, ndizi za msimu huu mama atazishusha mwenyewe kutoka Kinole, yeye kwenye usukani, mimi pembeni.

Mwanao,
Tatu