Baba Amefanywa Mungu

Sua-lun, 5 Machi 1988

Mwanangu Li-khim,

Hujambo huko Osaka? Baridi imekuachia, au bado inakung'ata vidole? Mimi mzima, ni goti tu linalojifanya mzee kuliko mimi. Paka amezalia chini ya kitanda chako. Hilo ndilo dogo. Kubwa nakuambia ukiwa umekaa. Umekaa? Haya, sikia: baba yako amekuwa mungu.

Usicheke. Mimi nilicheka, tena mbele ya Mzee Ban-hok, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, akanikazia macho mpaka nikajifanya nimepaliwa. Lim Bok-seng, mtu aliyekuwa akitafuta ndara zake na huku amezivaa, leo watu wanamwendea awatafutie nyati wao wa kulimia waliopotea!

Yalianzia pale kwenye nguzo ya umeme alikofia. Unajua mwenyewe tufani ile ilivyokuwa: umeme ulikatika, pampu za hewa zikasimama kwenye mabwawa yote ya mikunga, samaki wangekufa kwa kukosa pumzi na mji mzima ungeamka maskini. Akapanda, akaunga waya, taa zikawaka, kisha upepo ukamchukua. Tangu hapo wafugaji wakipita pale wanainamisha kichwa. Mara mke wa A-tik, yule mkubwa wa mafundi wa nguzo, akachomeka kijiti cha udi. Mara radi ikapiga vijiji vya jirani vyote, na pampu zetu hazikuzima. Watu wakasema, "Ni Bok-seng huyo." Wakajenga kibanda cha mabati. Kamati ikaenda kumuuliza, wakarusha vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia miungu: kimoja chali, kimoja kifudifudi, mara tatu mfululizo. Amekubali.

Sasa wanataka wachonge sanamu yake, na kibao chake cha jina kiondoke kwenye madhabahu ya nyumbani kwetu. Mtu hawezi kulishwa nyumbani kama marehemu na huku anasujudiwa hekaluni kama mungu. Lakini mtoto wake ni wewe peke yako, bila neno lako kibao hakitoki.

Sikufichi, kichwa kimenivimba. Sokoni wananipisha mbele kwenye foleni ya tofu. Niambie unaonaje.

Mama yako

*

Osaka, 27 Machi 1988

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na poleni wewe na goti lako. Paka mpe salamu, ila hicho kitanda nitakitaka.

Barua yako niliisomea jikoni, nikaunguza mikunga ya wateja, huenda ilikuwa ya mabwawa yetu hukohuko. Mpishi mkuu akaja juu. Nikamwambia, "Samahani, baba yangu amepandishwa cheo." Jiko zima likanipigia makofi. Sikueleza ni cheo gani.

Mama, nimecheka, halafu nimelia, halafu nimekasirika, na sijui hata namkasirikia nani. Baba yangu mungu! Mungu wa nini? Kila mungu ana eneo lake. Wa ardhi haulizwi mambo ya bahari, na wa mitihani haombwi mvua. Baba ana uwezo gani, na unaishia wapi? Kamati imeuliza kama amekubali. Amekubali kufanya nini? Mpime kwanza. Wewe ulilala naye na kuamka naye, unamjua kuliko wale wazee wote.

Na jambo moja linanikaa kooni. Kibao kikitoka, siku ya kumbukumbu yake utampikia nani? Miungu Sua-lun imejaa tele. Mimi baba ninaye mmoja. Nipe muda.

Mwanao, Li-khim

*

Sua-lun, 14 Juni 1988

Li-khim mwanangu,

Marahaba. Mvua za Mei zimekwisha, ukuta wa jikoni umeota ukungu, na mimi bado nadunda.

Ulisema nimpime, nimempima. Kamati hawakuweza kungoja, wamechonga kijisanamu cha majaribio na kukiweka pale kibandani. Kibao kiko kwangu, usiogope. Basi kila asubuhi nabeba kigoda, nakaa pembeni, nasikiliza watu wanaomba nini na wanapata nini.

Nguvu zake ni hizi. Umeme: hapo yuko imara, kuliko hata alivyokuwa hai. Upepo na mapaa: mzuri. Kitu chochote kilichokwama juu, iwe tiara au jogoo, hashindwi. Aliyepotea njia anamwelekeza, maana alizijua nguzo zote za wilaya kama meno yake.

Mipaka yake sasa. Mama mmoja alikuja kuomba binti yake ajifungue salama. Nikamwambia, "Dada yangu, nenda kwa Mama Mtakatifu wa Bahari, yeye ndiye anayeangalia wajawazito. Huyu wangu, mtoto wake alipozaliwa, alizimia mlangoni, mkunga akamruka." Mwanafunzi akaja kuombea mtihani wa hesabu. Nikamrudisha akasome. Mapenzi ndiyo kabisa! Mtu aliyenichumbia kwa kuniletea balbu.

Nilikosea siku moja tu. Nilimpelekea kuku niliyemkatakata, na bakuli la wali, na vijiti vya kulia, kama ninavyomwandalia nyumbani. Wanawake wakapiga yowe: "We Siok-bin, una wazimu? Mungu anapewa kuku mzima! Vijiti ni vya marehemu!" Nikawajibu, "Kuku mzima hakumpenda, alikuwa na jino bovu." Lakini nilibeba sahani yangu nikarudi nayo. Njiani machozi yalinitoka, sijui kwa nini.

Linaloniudhi ni hawa wacheza bahati nasibu. Kim-tsui, yule muuza nyama mwenye mabwawa yake pia, alimwaga majivu ya udi sahanini, akadai ameona namba, akacheza, akashinda. Aa, mwanangu, sasa watu wanakuja hata kutoka mji wa tatu! Wamemletea kikundi cha maigizo kumshukuru, ngoma kutwa. Mzee Ban-hok anatembea kama jogoo. Mimi namjua mume wangu. Hakuwahi kubahatisha hata kama kesho itanyesha.

Mama yako

*

Osaka, 2 Julai 1988

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Leo sina mengi.

Nakusihi, wafukuze hao wa namba. Hapa tuna dada mmoja kutoka mji wa Tainan, anasema kwao miungu iliyokosea namba wanaikata vichwa na kuitupa mtoni. Anayekupandisha kwa namba atakushusha kwa namba. Bandika tangazo: "Hapa ni umeme tu." Au mrudishe Baba nyumbani.

Nijibu upesi.

Mwanao, Li-khim

*

Osaka, 11 Septemba 1988

Mama, shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Unaumwa? Nimekukosea nini? Usipojibu napanda ndege.

Li-khim wako

*

Sua-lun, 9 Oktoba 1988

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Mwili ni mzima. Nilikuwa na hasira iliyonifunga mkono, na dada wa Tainan hakukosea.

Namba zilikosa, zikakosa tena. Kim-tsui alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho. Mchana mmoja mke wa A-tik alikuja mbio, mimi nafua. Nilipofika kibandani Kim-tsui alikuwa ameshika shoka la nyama, na mkono mmoja wa sanamu uko chini. Watu wamejaa, hakuna anayemzuia. Anapiga kelele: "Mungu gani huyu? Hana nguvu yoyote!"

Li-khim, sijui sauti ile niliitoa wapi. Nikamwambia: "Nani alikwambia ana nguvu? Umemuuliza nani, wewe mla mafuta ya nguruwe? Mimi nilikuwa mlangoni siku ile! Alitetemeka mpaka akashindwa kufunga mkanda wa kupandia, mimi ndiye niliyemfungia. Alitoka akarudi kunywa maji. Akatoka tena akarudi tena. Nikamwambia usiende. Akasema, 'Mama Li-khim, naogopa sana, lakini waya ule naujua mimi.' Akaenda. Ukaamka mabwawa yako yako hai. Namba unazitaka za nini, wewe uliyekwishapewa?"

Kim-tsui akanitazama, akawa mwekundu, akaibeba sanamu akaitupa mferejini. Mtu akiishiwa maneno ndivyo alivyo.

Nilifuata mfereji kwa miguu, goti na yote. Mke wa A-tik akanifuata, na wale wanawake walionizomea kwa ajili ya kuku nao wakafuata. Tulimkuta kwenye lango la maji, kakwama pamoja na wenzake: Mungu wa Vita hana ndevu, Mungu wa Ardhi hana pua, wote wametupwa kwa ajili ya namba. Tuliwatoa wote. Baba yako nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, nikipita katikati ya soko, kichwa juu. Asiyetaka kunitazama alitazama ukuta.

Sasa Mzee Ban-hok amekuja na kikapu cha machungwa na aibu usoni. Anasema, "Shemeji, walithubutu kwa sababu hakuwa na cheo kamili. Tumpe hekalu lake, uso wa dhahabu, jina kubwa: Mtukufu Bwana wa Nuru. Akiwa mungu kamili hakuna atakayemgusa." Hapo ndipo aliponipata. Sitaki mtu amguse tena baba yako. Mimi nimekubali. Kibao kitatoka wakati wa sikukuu ya majira ya baridi, ukitoa neno lako. Litoe, mwanangu.

Mama yako

*

Osaka, 30 Oktoba 1988

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa safari ile ya mfereji. Nimewasimulia jikoni hapa, na mpishi mkuu, mtu asiyecheka wala kulia, alizima moto akakaa chini. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wako kama wiki hii.

Hukuwahi kuniambia kwamba Baba alitetemeka. Miaka yote hii nilidhani alipanda tu, kama kawaida yake, kwa sababu alikuwa hodari. Nimekaa na sentensi ile siku nyingi. Alirudi kunywa maji. Alirudi tena.

Mama, neno langu ni hapana.

Usikunje uso, nisikilize. Mungu akipanda nguzo kwenye tufani, amefanya nini? Hafi, haanguki, upepo ni mtumishi wake. Mimi nikienda dukani kununua chumvi nimefanya kubwa kuliko yeye. Wakimpaka dhahabu, watoto wa Sua-lun watakua wakisema, "Aa, yule alikuwa mungu, lazima angeweza." Watamnyang'anya kile alichokifanya. Umeniandikia uwezo wake na mipaka yake, na mimi naona ile mipaka ndiyo baba yangu: jino bovu, kuzimia mlangoni, magoti yaliyogongana. Hakuwa na chochote cha kumsaidia pale juu, na alikwenda. Mzee Ban-hok hana cheo kikubwa kuliko hicho cha kumpa.

Unaogopa ataguswa. Watu hawavunji kibao cha marehemu wa mtu, Mama. Wanavunja vitu wanavyoviomba.

Ukiona nimekosea, muulize mwenyewe kwa vipande. Akikataa kurudi, nitatii.

Mwanao, Li-khim

*

Sua-lun, 24 Desemba 1988

Li-khim,

Marahaba mwanangu. Hatujambo sote huku, walio hai na wasio hai. Tumekula vidonge vyetu vitamu vya unga wa mchele vya sikukuu ya majira ya baridi, kwa hiyo kwa desturi kila mtu ameongeza mwaka.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Siku ya tatu niliipeleka hekaluni, nikaisoma kwa sauti mbele ya kamati na watu wote. Mzee Ban-hok akasema, "Mtoto wa kike aliyeko ng'ambo anajua nini mambo ya miungu?" A-tik, ambaye kwa mwaka mzima huwezi kumsikia akitoa maneno kumi, akasimama: "Mimi nilikuwa chini ya nguzo ile. Nilimkataza. Alikuwa analia, Mzee, na huku anapanda. Sisi mafundi tukitaka kumwomba mungu tutamwomba mungu. Lakini nikiwa juu na magoti yananigonga, namkumbuka mtu." Akakaa.

Basi nikachukua vipande. Nikauliza, "Bok-seng, unataka kurudi nyumbani?" Nikarusha. Vyote chali! Anacheka. Watu wakaguna. Nikamwambia, "Acha mzaha wako, watu wana njaa." Nikarusha tena: kimoja chali, kimoja kifudifudi. Tena, hivyohivyo. Tena, hivyohivyo. Mzee Ban-hok mwenyewe aliviinamia kuvitazama kwa karibu, akashusha pumzi, akasema, "Haya, shemeji, mchukue." Kile kijisanamu tumekichoma moto kwa heshima zote. Kim-tsui ndiye aliyebomoa kibanda, kimya kimya, na mabati akayapeleka kuwaezekea wale miungu wa mfereji. Sijamsamehe, lakini nyama nanunua kwake.

Siku ya kumbukumbu mafundi wote walikuja kula hapa kwetu. Hawakumwomba chochote. Walimwambia tu nguzo ipi imeoza na nani ataipanda.

Jana nilikuwa napita pale nguzoni, nikakuta mgeni na gari lake, anazungukazunguka na udi mkononi. Akaniuliza, "Mama, yule mungu wenu yuko wapi? Nasikia ana nguvu sana." Nikamwambia, "Hapa hakuna mungu. Alikuwa mume wangu, fundi wa umeme. Nguvu hakuwa nazo, aliogopa sana, na akapanda."

Yule mtu akaitazama nguzo ile tangu chini mpaka juu. Akavua kofia.

Mama yako,
mke wa Lim Bok-seng