Uzi wa Kioo Shambani kwa Evald

Jumatatu, 1 Septemba 2014

Mtaro umefika kanisani. Tunachimba wenyewe, wanakijiji; kampuni ya intaneti itatuunganisha tukimaliza. Bomba la rangi ya chungwa, la kupitishia uzi wa kioo wa intaneti, limelala udongoni kama nyoka aliyeshiba. Miaka thelathini nimezipelekea nyumba hizi barua kwa baiskeli—sasa nazipelekea bomba! "Mama Posta hastaafu," wananicheka.

Mchana nilisinzia juu ya rundo la mchanga. Nikaota ziwa limejaa taa.

Zimebaki nyumba saba za ng'ambo ya malisho ya mzee Evald, jirani yangu, na chumba cha jibini cha binti yangu Ylva. Wateja wake huagiza kwa intaneti, na siku ya mvua simu yake haishiki mtandao hata akipanda paani. "Mama, theluji ikitangulia kabla ya laini, nahamia mjini." Kasema taratibu, bila hasira. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Evald amekataa! Njia ni moja tu, kati ya mwamba na ziwa, katikati ya malisho yake. Kaweka kiti cha jikoni mbele ya mtambo wa kuchimba, kakaa. "Piteni angani!" Dereva akazima injini, akala mkate wake. Wengine wanasema mzee amechanganyikiwa. Mimi sidhani.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda na kiti changu, na chupa ya kahawa. Tukakaa bega kwa bega kama wasafiri kwenye stesheni isiyo na treni. Ukungu ukitoka ziwani. Korongo wakipita juu kwenda kusini, wakilia kama milango mikuukuu.

Halafu akauliza, tukileta kioo chetu, waya wa simu wa zamani si utang'olewa? Nikasema ndivyo nilivyosikia.

"Na namba yangu je?"

Hapo nikaelewa. Torgny. Mwanawe aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, baada ya ugomvi ambao kijiji kizima kiliusikia. Hajapiga simu. Hajaandika—najua, barua ningeipeleka mimi.

"Anayoijua ni hiyo moja tu, Gunvor."

Nikammiminia kahawa.

Jumatatu, 22 Septemba

Pentti, fundi wa kampuni, anasema namba inahamishika! Inaingia kwenye kioo vilevile ilivyo, tarakimu kwa tarakimu. Nikamlazimisha aandike kwenye karatasi na kuweka sahihi. Akacheka, akaandika.

Evald kaisoma mara tatu. Akanyanyua kiti, akakirudisha jikoni. Basi. Jioni mtaro ulikuwa umevuka malisho.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo wamepuliza uzi. Kwa hewa! Mashine inanguruma kwenye kibanda cha shule ya zamani, na uzi mwembamba unaruka ndani ya bomba, kilomita nzima, mpaka mlangoni kwa mtu. Kisha Pentti anaunganisha ndani ya gari lake: ncha mbili nyembamba kama unywele, cheche moja, zinayeyuka, zinakuwa kitu kimoja.

"Kinachopita humo ni mwanga tu?"

"Mwanga mtupu, Mama Posta. Usiuchungulie, utakuharibia macho."

Nimewaza barua zangu zote zikipita chini ya nyasi, zinang'aa, hazilowi.

Kwa Ylva taa ya kijani imewaka. Kacheka, kisha kaenda kuosha ndoo. Kaosha muda mrefu sana, ndoo safi. Ya mjini hakuyataja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa nne asubuhi. Leo ni zamu ya namba ya Evald. Pentti kamfungia kijisanduku ukutani, kachomeka simu yake ileile nyeusi ya zamani. Kapitia kwangu akiondoka: saa sita nimpigie mzee, nisikie kama inaita.

Saa sita na dakika tano. Nimepiga. Mlio wa kwanza haukuisha.

"Torgny?"

Sauti ile! Sijawahi kuisikia kinywani mwa Evald. Nilikuwa na maneno tayari—ni mimi, Gunvor, najaribu laini. Hayakutoka.

"Torgny, mwanangu, ni wewe? Usikate."

Nikakata. Mjinga mimi! Mkono ulikata wenyewe. Nimepiga tena papo hapo. Inaita. Inaita. Hapokei.

Saa sita na robo. Naandika nikiwa dirishani. Yuko malishoni—anakimbia! Miaka sabini na sita, anakimbia juu ya alama ya mtaro, kichwa wazi, shati tu kwenye baridi hii. Anapunga mikono yote miwili. Anacheka. Ananiita kwa jina: "Gunvor, kapiga! Torgny kapiga!"

Amefika getini. Lile komeo linamsumbua kila siku. Nina muda wa kuamua: nimwambie ni mimi niliyepiga, au—