Maneno Uliyompa Mwanajeshi wa Kihindi

Saint Paul, Minnesota
Januari 1996

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi goti, bado linakusumbua asubuhi? Na Mama, presha yake imetulia, au bado anajifanya daktari na kujipunguzia vidonge mwenyewe? Mimi mwanao ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ni ile niliyokueleza mwaka jana ukadhani natia chumvi. Safari hii imezidi. Kazi inakwenda. Bado niko maabara, kwenye ile hospitali ya Maplewood, na bado napewa lifti na Wanjiru, yule nesi Mkenya ninayekaa naye, maana basi la kwenda huko ni la kubahatisha.

Leo nina jambo moja tu linalonikosesha utulivu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakunja uso.

Jumamosi gari la Wanjiru liligoma kuwaka, tukakwama nyumbani. Nikatoka kwa miguu hadi duka moja hapa mtaani kwetu Frogtown. Mwenye duka ni Mhmong, wale watu waliokuja huku kama wakimbizi kutoka Laos. Utashangaa: ana rafu nzima ya kanda za video za Kihindi! Nyingi zimetiwa sauti kwa Kihmong, na aliniambia kwamba anayesema ni mtu mmoja tu kwa filamu nzima. Yeye ndiye bibi harusi, yeye ndiye jambazi, yeye ndiye mama mkwe. Nikacheka mwenyewe mle dukani, nikakukumbuka.

Ndipo nikamwona, kwenye jalada la kanda moja, yule mzee wa masharubu, koti la jeshi begani, bunduki mkononi. Ile filamu yetu, Baba! Mwanajeshi mstaafu anarudi kijijini na kukuta matajiri wanawanyang'anya watu mashamba. Tuliiona kwenye jumba la sinema Morogoro nikiwa darasa la tano. Wewe ulikaa katikati, Mama kulia kwako, mimi kushoto, mdogo wangu Hamisi umempakata, na safu nzima ya watu wamekuegemea wasikie unavyotafsiri. Hakuna aliyewahi kuuliza Kihindi ulikijulia wapi. Uliwahi kufanya kazi kwa Mhindi kabla ya kuingia jeshini, na hilo lilitutosha.

Nikaikodi kanda hiyo; ilikuwa haijatiwa sauti ya Kihmong. Ilikuwa na Kihindi chake, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Mimi sikuyatazama hata kidogo. Ya nini, na filamu ninayo yote kichwani? Nilimkalisha Wanjiru kwenye kochi nikaanza kumtafsiria kama wewe, kwa sauti ile ile nzito. Tukafika pale mzee anapokaa barazani anasugua buti, na mwanawe anamuuliza kitu.

"Sasa sikiliza hapa," nikasema. "Anamwambia: Nilimwacha chini ya ukuta, nikamwambia subiri hapa, nitarudi na maji. Niliporudi alikuwa keshapoa."

Wanjiru akasimamisha video.

"Zuhura, hebu ngoja. Hiyo unasoma wapi?"

"Sisomi. Naijua."

"Mimi nasoma hapa chini. Huyu mzee anasema nyumba yake hauzi, hata wakuje na polisi. Hakuna maji, hakuna mtu anangoja. Hiyo story ulitoa wapi?"

"Baba alitutafsiria."

"Na babako anajua Kihindi kweli?"

Tukairudisha kanda mwanzo, safari hii nikasoma kila mstari. Pale mzee anaposimama mlangoni mwa kibanda bila kubisha hodi, ulituambia ni kwa mama wa yule rafiki yake aliyekufa, na hajui aanzie wapi kumpa habari. Kumbe ni kwa mjomba wake, wamegombania shamba! Hakuna rafiki aliyekufa katika filamu nzima, Baba. Nilicheka mpaka machozi. Wanjiru akasema baba yangu ni fundi wa kutunga, na angefaa kuajiriwa na yule Mhmong.

Baadaye nikiwa nasonga ugali kicheko kikaniisha. Nilikumbuka jinsi sisi watoto wa mtaa tulivyolichezea lile neno. Kila aliyetumwa dukani alikuwa anapaza sauti, "Subiri hapa, nitarudi na maji!" Na wewe, kama uko nje, ulikuwa unainuka na kuingia ndani. Tulidhani unakimbia kelele zetu.

Wenzetu baba zao walisimulia vita vya Uganda mpaka sisi tukazijua silaha kwa majina. Wewe ulisema mlitembea sana, basi. Ndiyo maana nina maswali mengi kuliko adabu inavyoruhusu, unisamehe. Kihindi ulikijua ukakipindisha makusudi, au hukukijua ukaweka ulichokuwa nacho? Mama, pale kulia kwako, alikuwa anaelewa? Na kwa nini useme pale, mbele ya watu wasiokujua, kisha usituambie sisi wanao? Labda kule gizani ilikuwa rahisi. Sijui, Baba. Nataka sana kujua.

Nisingethubutu kuuliza kama si habari za Hamisi. Mama ameniandikia kwamba anataka jeshi, umemkatalia bila kumwambia sababu, na sasa amehamia kwa Shangazi na hamsalimiani. Baada ya Idi anaondoka, uridhie usiridhie. Mwenyewe aliniomba nimtetee kwako, na nilikuwa nimekubali. Sasa kalamu inasita. Siwezi kukuambia umruhusu wala umzuie. Lakini yeye anaona unamwonea tu. Jeshi analolijua ni la mzee mmoja anayepiga watu ishirini bila kofia kumdondoka. Lile neno la maji analijua pia, ila anadhani ni la Mhindi.

Mama mpe shikamoo nyingi, na umwambie vidonge havipunguzwi kwa macho. Shangazi Mwanaidi mwambie sijamnunia, ila asimfiche kijana. Bi Salma, jirani yetu wa vitumbua, mwambie huku nimejaribu kuvipika vikanishinda. Nawatakia nyote mfungo mwema, maana naona umekaribia.

Baba, barua hii ikikuwahi, nenda wewe mwenyewe kwa Shangazi ukamwite Hamisi. Mkae barazani wawili tu. Mwambie yule uliyemwacha chini ya ukuta alikuwa nani, mtoto wa nani, kwao wapi. Kisha uniandikie na mimi. Utoto wangu wote nimecheza na maneno uliyomwambia, na hata jina lake silijui.

Mwanao akupendaye,
Zuhura