Kashata za Kisu

Guangzhou, Jumanne, Machi 1998

Kinyaa kimezidi woga. Barabara ililowa, dereva wa teksi akakanyaga breki ghafla badala ya kupunguza mwendo mapema, gari likaserereka mpaka ukingoni. Niliposhuka nikatazama tairi: kipara kitupu, kashata, ile mifereji ya kushika barabara, zimechongwa upya kwa kisu, juu wamepaka rangi nyeusi.

Nikamgeukia Shabani, mshirika wangu. "Si tairi kama hizi hizi tulizopakia kwenye kontena la nyumbani?"

"Dada, zinang'aa. Nyumbani nani atajua?"

Nilitaka kumtemea mate. Lakini ghalani tuliponunua, aliyezichagua na kuusifu weusi wake alikuwa nani? Mimi.

Na jana kaka kanipigia simu nimwekee tairi nne nzuri. Masika yameanza, na pikapu yake inapanda mlima Kitonga kila wiki.