Saidi na misindano ya kijiji

Temeke, Jumapili

Naogopa, wala sijifichi. Mjukuu wangu Saidi, bwana misitu, kesho anarudi Iringa kuwaambia wanakijiji wakate nusu ya miti ya misindano waliyoipanda wote pamoja. Eti amepiga hesabu: ikibanana itabaki fito, ikipunguzwa itakayobaki itanenepa, itoe mbao.

Mie naelewa, hata mahindi tunayapunguzaga yakiwa machanga. Lakini wale wanamwita mhujumu. Mmoja kamwonyesha panga.

"Bibi, hesabu haidanganyi."

"Hesabu haina shingo, mjinga wewe! Shoka la kwanza alishike mwenyekiti wao."

Akacheka, akaomba uji uongezwe sukari. Nikamwongezea yote iliyobaki.

Namjua huyu. Shoka atalishika mwenyewe, ainame kwenye shina, na wale wote awape mgongo.