Muke wa Luc

Katoyi, Goma

Kwako mudogo wangu Luc,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa muzima, na Mama pia, na kwamba goti lake limetulia, maana baridi ya Butembo ya miezi hii ninaijua. Mimi niko, namushukuru Mungu. Nakula kidogo, nalala kidogo, lakini niko. Unisalimie muchumba wako Fabiola na wazazi wake. Nimefurahi sana kwamba wamekubali kutupokea.

Utashangaa kuona barua ya mukono wakati juzi tu tulisemezana kwa simu. Uliniuliza kama njia ni nzuri, kwa sababu unataka kushuka mwenyewe kunichukua nije kwa sherehe ya mahari yako. Nikakujibu kwamba njia iko muzuri, hakuna shida. Luc, usisadiki maneno yale. Siku hizi katika simu hatusemi kitu, hatujui nani anasikiliza, na ulipopiga nilikuwa kwenye bomba la maji katikati ya watu. Barua hii anaibeba Masere Aurélie, anayepitia Uganda kwenda kuwaona watawa wenzake wa huko kwenu. Isome peke yako. Mama umusomee salamu tu.

Wiki iliyopita nilikwenda katika muji wa Kiwanja kuchukua maharagi ya kuuza. Nilirudi katika kamio ya Bienvenu, yule shofere aliyenihamishia vitu vyangu nilipokuja kukaa Katoyi. Bienvenu ana sheria zake za safari, na hawashi moteri kabla hajazirudia. Picha zote za simu zifutwe. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, halafu unyamaze. Mikono ikae mahali inapoonekana. Usiitazame bunduki, lakini usitazame chini pia kama mwizi. Usiseme una haraka. Na kubwa kuliko zote, usimubebe mutu usiyemujua. Mimi nilikuwa ninamucheka, namuita padri wa barabara.

Ile kubwa aliivunja mwenyewe. Karibu na Rugari mvua ilikuwa inamwagika hata vioo havionyeshi kitu, na pale kando ya njia alisimama mwanamuke na mutoto mugongoni, kitenge chote kimelowa. Bienvenu alimupita. Akaenda kidogo, akatukana kwa Kinyarwanda, akafunga breki. Tukamuingiza ndani ya kabini, upande wa mulango, mimi nikakaa katikati. Alisema anaitwa Emerance, na mutoto ni Gentil, ana homa, anamupeleka hospitali Goma. Baada ya hapo akanyamaza.

Mimi unanijua, kimya kinanishinda. Nikaanza kumusimulia habari zetu zote. Nilimwambia nina mudogo wangu Luc anayeuza vipande vya pikipiki Butembo, mufupi kama baba yetu, mwenye pengo la jino la mbele, asiyekula samaki tangu utoto, na kwamba sasa anataka kuoa na mimi yaya yake, dada yake mukubwa, ndiye nitasimama upande wa familia. Alisikiliza tu, macho yako njiani. Mutoto alipoanza kutetemeka nilimuchukua mapajani, nikamufunika na sweta yangu.

Kabla ya Kibumba tukakuta barieri ambayo asubuhi haikuwepo. Ilikuwa kamba tu kati ya miti miwili, na watu wa silaha, wengine wamevaa buti, wengine kandambili. Walikuwa wa upande gani sikujua, na sikutaka kujua. Mbele yetu walikuwa wamesimamisha gari dogo, na wanawake wawili wamekalishwa katika matope, mikono juu ya kichwa. Bienvenu akashusha kioo, akasikiliza, kisha akatuambia bila kugeuza shingo kwamba wanatafuta muke wa mutu mumoja wa Rugari aliyewatoroka.

Nikaona mukono wa Emerance unakwenda polepole kwenye mulango. Hakumutazama mutoto, hakunitazama mimi. Ndipo nikaelewa. Alitaka kushuka mwenyewe, na Gentil abakie mapajani mwangu kama mutoto wangu. Nikashika kitenge chake kwa nyuma, nikakaza, hata leo vidole vinaniuma nikikumbuka.

Mukubwa wao alikuja dirishani, mutu wa sauti ya upole, koti la mvua limefungwa mpaka shingoni. Akauliza huyu ni nani. Luc, sikufikiri. Kinywa kilijisemea chenyewe: "Ni muke wa mudogo wangu. Muke wa Luc."

Akatabasamu, akasema hajaona Wanande wa Butembo wakija kuoa huku. Nikamujibu kwamba hata Mama alisema vile vile. Hakucheka. Akatushusha.

Bienvenu aliambiwa apige magoti karibu na gurudumu. Emerance akapelekwa upande wa pili wa njia, mimi nikabakia na mutoto. Yule mukubwa alianza na mimi. Mutoto anaitwa nani? Hilo nilijua. Alizaliwa wapi? Nikasema Butembo, na nikaomba moyoni mwanamuke yule awe amesikiliza upuuzi wangu wote ndani ya kabini. Akavuka njia, akamuuliza na yeye. Mvua ilikuwa inapungua, niliona midomo yao ikienda lakini sikusikia neno. Nikangoja risasi. Nakuambia kweli, nilingoja nikiwa nimefunika sikio la mutoto kwa kiganja.

Kisha akapaza sauti ili sote tusikie: "Haya, bwana yako anafanana namna gani?"

Emerance, ambaye tangu Rugari alikuwa amesema maneno ya kuhesabu, akainua uso. "Ni mufupi. Ana pengo hapa mbele. Anauza vipande vya pikipiki. Samaki haonji, hata harufu yake anaikimbia. Na yaya yake huyu anasema kupita kiasi."

Wale wa silaha wakacheka. Mimi nilijikojolea, Luc. Nakuandikia kwa sababu wewe ni damu yangu.

Mukubwa peke yake hakucheka. Alisema vizuri, basi tumuulize Luc mwenyewe. Ningetaja numero ya uongo, lakini simu yangu ilikuwa tayari mukononi mwake na jina lako liko juu kabisa. Akapiga, akapiga tena. Rezo ya simu ilikuwa imeondoka na mvua. Akaingiza numero yako katika simu yake mwenyewe, akanirudishia yangu, akaamuru kamba ishushwe.

Wale wanawake wawili walibaki katika matope. Mumoja alivaa shati la njano. Tulipita karibu nao kabisa na hatukuwatazama. Sijui mwisho wao. Nikifunga macho ninaliona lile shati.

Tukafika Kanyaruchinya, kwenye mahema ya wakimbizi. Pale Bienvenu alisimamisha kamio. Emerance akatuambia kwamba waliyekuwa wanamutafuta ni yeye. Bwana yake, Hitimana, alikuwa mulimaji wa viazi. Walimukamata awabebee mizigo porini, akatoroka, na hajui kama bado yuko hai. Alituomba msamaha, akataka tumuache pale pale kati ya mahema. Nikamwambia apande, mutoto anahitaji dawa.

Tangu siku ile wako kwangu. Gentil amepona, anatambaa nyumba nzima na kuonja kila jiwe. Majirani wanajua ni shemeji yangu kutoka Butembo. Lakini pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, Emerance anaingia nyuma ya mifuko ya maharagi na mutoto, na mimi ninakaa mulangoni nachagua majani ya sombe niliyokwisha kuyachagua. Tunafanya hivyo hata pikipiki ikiwa ya jirani.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Juzi katika simu, kabla hujaniuliza habari za njia, ulicheka ukaniambia kwamba mutu alikupigia kwa numero usiyoijua, sauti yake ya upole, akauliza kama muke wako alifika Goma salama. Na wewe ukamujibu kwamba amekosea, hujaoa bado, lakini akitaka aje tu kunywa siku ya mahari. Uliona ni mchezo. Bidoni langu lilikuwa limejaa, maji yanamwagika juu ya miguu yangu, watu wananipigia kelele nisogee, na sikuweza kukuambia kitu. Nikasema njia iko muzuri.

Hukukosa. Soma tena mahali hapa: hukukosa kitu. Mimi ndiye niliyekupa muke bila kukuuliza. Lakini sasa wanajua kwamba nilidanganya, wana jina lako, wanajua mpaka pengo la jino lako. Kwa hiyo usije, si kwa Kanyabayonga, si kwa njia nyingine yoyote. Ile karte ya simu itoe uivunje. Na mwambie Fabiola yote leo, kabla hajasikia kwa watu kwamba una muke na mutoto Katoyi.

Jana asubuhi mutu alikuja sokoni akiuliza mama Munande anayeuza maharagi ya Kiwanja. Mwenzangu Mukamugema alimujibu kwamba nimesafiri, na hiyo itakuwa kweli muchana huu huu. Tunaondoka sote watatu. Utasema nimuache Emerance, nijiponye mwenyewe. Nilifikiri hivyo, sikufichi. Nilikaa kitandani nikitafuta namna ya kumwambia, na yeye alikuwa ameinama ananifulia shuka langu, akimuimbia mutoto. Nikashindwa. Hofu yangu ni kubwa, Luc. Lakini nimeshindwa.

Siku ya mahari musiningojee. Mama Mudogo asimame mahali pangu, na avae kile kitenge cha kijani nilichokiacha kwake. Mama umwambie nina kazi nyingi. Bienvenu anakusalimia. Emerance pia anakusalimia kwa heshima, anaomba umusamehe kwa kulitumia jina lako, na anasema amekuombea muke mwema.

Mutu akikuuliza yaya yako yuko wapi, mujibu kwamba hujui. Wewe uongo unakushinda tangu utoto, ndiyo sababu sikuandika tunakokwenda.

Mungu akulinde mahali nisipoweza kukulinda.

Yaya yako,
Kahindo