Jeneza Juu ya Ukuta

Jumamosi, Karatu

Bado naliona jeneza la Mzee Tluway likipitishwa juu ya ukuta wetu, mjane wake akilia, "Jamani, msimwangushe!"

Mzee ndiye aliyetuuzia viwanja sisi majirani wote. Alilikata shamba lake la mahindi mpaka akabaki na nyumba tu, katikati yetu. Njia hakuna aliyeiacha. Kila mtu kajenga hadi mwisho wa kiwanja chake, na kichochoro kilichobaki hakipitishi jeneza. Huyo mama naye akiugua ghafla, atatolewaje?

Nilidhani tutaona aibu, tubomoe hata kipande. Tumerudi kutoka makaburini, mume wangu kaagiza tofali, ananiambia:

"Mama Neema, ukuta wetu mfupi. Kama jeneza limepita, mwizi atashindwa?"